Liz Taylor: Mama wa ubatizo asiyemung'unya maneno

KUNA watu ambao hata wakifa vituko vyao haviishi. Machi 24, 2011, huko Glendale, jirani na jiji la Los Angeles, Marekani, ndugu na jamaa wachache walikuwa wameshakaa vitini wakisubiri mazishi ya Elizabeth Taylor yaanze. Saa iliyotangazwa ikafika. Kimya. Zikapita dakika 5, zikapita 10, zikafika 15. Ndipo shughuli ikaanza, na watu wakapewa sababu: marehemu mwenyewe aliacha maagizo kwamba mazishi yake yachelewe dakika 15. Maisha yake yote alikuwa mchelewaji, sasa kwa nini abadili tabia siku ya mwisho?

Huyo ndiye Liz, bwana. Na hata hilo jina la Liz tunalimwita sisi tu, yeye mwenyewe alikuwa halipendi hata kidogo.

Kama wewe ni kijana wa leo, pengine unamfahamu kwa chupa za manukato ya White Diamonds, au kwa ile picha ya mwanamke mwenye wanja mzito wa Cleopatra. Wazee waliokuwa wakipanga foleni kwenye majumba ya sinema wanamjua zaidi. Watakuambia habari za macho yake ya rangi ya zambarau, na waume zake ambao hata kuwahesabu ni kazi. Lakini leo tuyaache hayo ya macho. Tumkumbuke kwa cheo kingine ambacho watu wengi hawakijui: alikuwa mama wa ubatizo wa watoto wawili wa Michael Jackson, yaani Prince, aliyezaliwa mwaka 1997, na mdogo wake Paris, wa mwaka 1998.

MAMA WA UBATIZO MYAHUDI!

Hapo wenye kushika sheria za kanisa tayari wameshaguna. Wana haki ya kuguna, kwa sababu Elizabeth Taylor alikuwa ameingia dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1959, na hata mazishi yake yaliongozwa na rabi. Sasa Myahudi na ubatizo wapi na wapi? Lakini Michael hakuwa akitafuta mtu wa kushika mshumaa. Alikuwa akitafuta mtu ambaye siku mambo yakiharibika hataingia mitini.

Huku kwetu tunawajua wasimamizi wa namna nyingine. Mtoto akizaliwa, wazazi wanapiga hesabu: nani ana mshiko, nani ana gari, nani ana jina mjini. Anachaguliwa huyo. Siku ya ubatizo anakuja amependeza, anapiga picha, anakata keki, anaacha bahasha, kisha ndiyo basi. Mtoto atamwona tena siku ya kipaimara, na pengine siku ya harusi kama kadi ya mchango itamfikia.

Kwa utajiri na jina, Liz alitosha kabisa kuwa msimamizi wa aina hiyo. Alizaliwa London Februari 27, 1932, wazazi wake wakiwa Wamarekani. Mwaka 1939 familia ikahamia Los Angeles, na alipofika umri wa miaka 12 sinema ya National Velvet (1944) ilikuwa imeshamfanya staa. Kwa Cleopatra (1963) aliandikiwa mkataba wa dola milioni 1, pesa ambazo siku hizo zilikuwa hazijazoeleka kwa mwanamke wa sinema. Alipokuwa Roma akicheza sinema hiyo, alikuwa akisafirishiwa maharage ya pilipili kwa ndege kutoka mgahawa wa Chasen's wa Los Angeles, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiyatamani! Alipata tuzo ya Oscar mara mbili kama mwigizaji bora wa kike, kwa BUtterfield 8 (1960) na Who's Afraid of Virginia Woolf? (1966). Hiyo ya kwanza aliiponda hadharani kwamba ni sinema mbovu. Tuzo aliichukua, lakini sinema hakuisifia. Mdomo ule haukuwa na breki.

Almasi je? Alikuwa nazo za kumwaga. Lakini siyo almasi zilizomfanya rafiki zake wamwamini.

USIKU WA MONTY

Tuanze na Mei 12, 1956. Mwigizaji Montgomery Clift, rafiki yake mkubwa, ambaye wenzake walimwita Monty, alitoka kula chakula cha usiku nyumbani kwa Liz. Barabara ile ya mlimani ilikuwa na giza na kona kali. Hakufika mbali. Gari likagonga nguzo na kugeuka chapati.

Liz alipopata habari alikimbia mpaka pale. Milango haikufunguka. Akajipenyeza kwa nyuma mpaka ndani, akampakata Monty kichwa kikiwa kimejaa damu. Jamaa alikuwa anakabwa na meno yake mwenyewe yaliyovunjika na kukwama kooni. Mwanadada huyo wa miaka 24 akaingiza vidole na kuyatoa.

Kisha wakafika wapiga picha. Liz akawatolea uvivu pale pale, kwa matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa: atakayempiga Monty picha katika hali ile, yeye Liz atahakikisha hapati tena kazi Hollywood. Picha ya uso ule haikupigwa.

Miaka kumi baadaye, Monty alikuwa amechoka kwa ulevi na vidonge, na kampuni za bima zilikuwa zikimkimbia. Liz akaweka dhamana mshahara wake mwenyewe ili rafiki yake apewe nafasi katika sinema ya Reflections in a Golden Eye. Monty akafa Julai 1966 kabla hawajaanza kuipiga. Wenzake wengi walikuwa wameshamtosa zamani.

HAKUWA MALAIKA

Isije mkadhani tunamchonga Liz awe mtakatifu. Mama yule aliolewa mara 8 na wanaume 7. Mwigizaji Richard Burton alimwoa mara mbili, na ndoa ya pili ilifungiwa hapa hapa Afrika, huko Kasane, Botswana, Oktoba 10, 1975, karibu na mbuga ya Chobe. Mashahidi wa jirani walikuwa viboko na tembo. Haikumaliza hata mwaka.

Na kuna lile kubwa zaidi. Mume wake wa tatu, Mike Todd, alikufa katika ajali ya ndege Machi 1958. Aliyekuja kumliwaza ni mwimbaji Eddie Fisher, rafiki wa marehemu na mume wa Debbie Reynolds, shoga yake Liz. Kuliwaza kule kukazaa mambo. Eddie akamwacha Debbie na watoto wawili wadogo, akamwoa Liz mwaka 1959. Marekani nzima ilimlaani.

Lakini angalia ilivyoishia. Debbie na Liz walikuja kupatana. Mwaka 2001 walicheza pamoja sinema ya televisheni iitwayo These Old Broads, na mmoja wa walioiandika alikuwa Carrie Fisher, binti yule yule aliyenyang'anywa baba! Kwa hakika mtu asiyejifanya mwema hasameheki kwa urahisi tu, bali pia ni rahisi kukaa naye meza moja.

Hata ulevi wake hakuuficha. Desemba 1983 alikwenda kutibiwa kwenye kituo cha Betty Ford kwa sababu ya pombe na vidonge, na akalitangaza jambo hilo. Zama zile mastaa walikuwa wakizidiwa, watu wao walisema "amechoka, anapumzika". Yeye alisema ni mlevi na anatafuta msaada. Mwaka 1997 alipofanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo, alikubali kupigwa picha akiwa na kipara na kovu lake. Mrembo wa dunia, kichwa wazi, mbele ya kamera!

SIKU HOLLYWOOD ILIPOINGIA MITINI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hata msomaji asiyependa sinema inabidi alijue.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulizuka ugonjwa uliokuwa ukiua vijana, na wakubwa hawakutaka hata kuutaja. Sisi wa huku tunaujua vizuri ukimya ule. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Kule waliuita "Juliana", Waganda wakauita "Slim", na sisi wa mijini tukazunguka na "ngoma", "umeme" na "miwaya", ili mradi jina lenyewe lisitoke mdomoni. Ilibidi mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, asimame hadharani na kusema kwamba anao. Wapo waliodhani anatafuta umaarufu. Alifariki Desemba mwaka huo huo.

Hollywood nako ilikuwa hivyo hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1985 Liz alikubali kuwa mwenyekiti wa tafrija ya kuchangia wagonjwa wa Ukimwi Los Angeles. Akaanza kupiga simu kwa mastaa wenzake, wale wale waliokuwa wakila na kunywa nyumbani kwake. Walimkwepa. Wengine walimshauri aachane na jambo hilo, litamharibia jina. Mtu aliyewahi kulaaniwa na gazeti la Vatikano kwa sababu ya mapenzi yake na Burton unamtisha na kuharibika jina? Umenoa!

Ndipo Julai 25, 1985, ikatangazwa kwamba Rock Hudson, mwanamume aliyekuwa ndoto ya akina dada wa enzi zile, anaumwa Ukimwi. Rock na Liz walikuwa marafiki tangu walipocheza pamoja Giant (1956). Ghafla ugonjwa ukawa na sura ambayo kila Mmarekani anaijua. Tafrija ilifanyika Septemba 19, na zaidi ya dola milioni 1 zilipatikana. Rock akafa Oktoba 2.

Mwezi huo huo wa Septemba Liz aliungana na mtafiti Dk. Mathilde Krim, Dk. Michael Gottlieb na wengine kuanzisha taasisi ya amfAR ya kuchangia utafiti wa Ukimwi. Na hakuishia kwenye magauni na karamu. Alikwenda Washington kuwabana wabunge watoe fedha. Rais wa wakati huo, Ronald Reagan, alikuwa mwigizaji wa zamani na mtu waliyefahamiana. Liz akamwandikia kumwalika kwenye chakula cha usiku cha amfAR, na Mei 31, 1987, Reagan akatoa pale hotuba yake ya kwanza kubwa kuhusu Ukimwi. Wamarekani zaidi ya 20,000 walikuwa wameshakufa.

Aliyemfuata Reagan, Rais George Bush mkubwa, alipewa vidonge vyake wazi wazi. Julai 1992, kwenye mkutano wa dunia wa Ukimwi uliofanyika Amsterdam, Liz aliwaambia waandishi kwamba haoni Bush anafanya chochote, tena hana uhakika kama rais huyo anajua hata herufi za kuandika neno Ukimwi. Ukumbi mzima wa dunia, na mama wa miaka 60 anamchana rais wa nchi yake!

Watu walidhani ni makeke ya staa. Kumbe jambo lilikuwa ndani ya nyumba. Aileen Getty, aliyekuwa ameolewa na mtoto wake Christopher Wilding, alikuwa ameambukizwa virusi. Ndoa ile ikavunjika, lakini Liz hakumfukuza. Alibaki kuwa mama yake. Ni wakati ambao kwa familia nyingi, za kwao na za kwetu, mtu wa namna ile alikuwa anatengewa sahani na kikombe.

MICHAEL ANAPOINGIA

Urafiki wa Liz na Michael ulizoeleka kuwa kichekesho magazetini, kwa sababu ya miaka 26 kati yao. Lakini wenyewe walielewana: wote walifanywa mastaa wakiwa watoto, na utoto haukurudi. Mwaka 1989, katika tuzo za Soul Train, ni Liz aliyemtangaza Michael kuwa mfalme wa kweli wa pop, rock na soul. Jina la "King of Pop" likaganda mpaka leo. Oktoba 6, 1991, Liz alifunga ndoa yake ya mwisho, na fundi ujenzi Larry Fortensky waliyekutana Betty Ford, katika shamba la Michael la Neverland. Michael ndiye aliyemkabidhi bibi harusi kwa mumewe. Picha za harusi ziliuzwa kwa dola milioni 1, na fedha hizo zikawa mtaji wa mfuko wake mwenyewe wa Ukimwi, Elizabeth Taylor AIDS Foundation. Ndoa ilivunjika mwaka 1996. Mfuko haukuvunjika.

Agosti 1993 mambo yakaharibika. Michael alituhumiwa kumdhalilisha mtoto kijinsia. Alikuwa safarini na onyesho la Dangerous. Rafiki wengi wakala kona. Liz akapanda ndege mpaka Singapore, akashuka mbele ya kamera na kusimama upande wa Michael. Novemba, Michael alipovunja safari yake huko Mexico na kukiri kwamba amezama kwenye vidonge vya maumivu, ni Liz aliyemsindikiza kwenda kutibiwa. Njia ile alikuwa ameipita mwenyewe, kwa hiyo hakuhitaji kusimuliwa.

Wapo wanaosema hapo Liz aliponzwa na mapenzi ya kirafiki. Michael alikana, na kesi ya madai ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 1994. Mwaka 2005, katika mashtaka mengine, baraza la mahakama lilimwona hana hatia kwa makosa yote. Mwaka 2019, wote wawili wakiwa wameshafariki, tuhuma ziliibuliwa tena katika filamu ya Leaving Neverland, na familia ya Jackson ikazikana. Ubishi haujaisha, na gazeti hili si mahakama. Tunachokijua ni kwamba Liz alisema alichoamini, kwa jina lake, wakati kusema kulikuwa na gharama.

Mtu wa namna hiyo ndiye Michael aliyemkabidhi Prince na Paris, pamoja na mwigizaji Macaulay Culkin kama baba wa ubatizo.

KILIO KISICHO CHA KAMERA

Juni 25, 2009, Michael akafa. Prince alikuwa na miaka 12, Paris 11. Hafla kubwa ya kumuaga ilifanyika Julai 7 Los Angeles, dunia nzima ikiangalia kwenye televisheni. Liz hakwenda. Aliandika kwenye Twitter kwamba haamini Michael angependa yeye amlilie mbele ya mamilioni ya watu. Bibi wa miaka 77, mgonjwa wa moyo, anawajibu watu kwa simu kama kijana wa mjini! Lakini siku ya maziko yenyewe, Septemba 3, alifika.

Machi 23, 2011, moyo wake ukagoma. Alikuwa na miaka 79. Alilazwa katika jengo lile lile la makaburi la Forest Lawn alikolazwa Michael. Paris alikuwa amebakiza siku chache tu kufikisha miaka 13.

URITHI

Desemba 2011 mnada wa Christie's wa New York uliuza vito vya Liz. Jioni ya kwanza peke yake iliingiza karibu dola milioni 116. Lulu ya La Peregrina, ambayo Burton aliinunua kwa dola 37,000 mwaka 1969, iliondoka kwa zaidi ya dola milioni 11. Watu wakasema: sasa Liz amekwisha, kila kitu kimegawanywa.

Hakikugawanywa chote. Liz aliacha maagizo kwamba robo ya mapato yanayotokana na jina na picha yake iende kwenye mfuko wa Ukimwi. Tena alikuwa ameshaweka utaratibu kwamba gharama za kuendesha mfuko zilipwe kando, ili shilingi ya mchangiaji imfikie mgonjwa bila kumegwa njiani. Miongoni mwa kazi zilizofadhiliwa na mfuko huo ni kliniki za magari zinazozunguka vijijini Malawi, kwa watu ambao pengine hawajawahi kuona hata sinema yake moja.

Na Paris? Amekua, anaimba, anacheza sinema, na amekuwa balozi wa mfuko ule wa mama yake wa ubatizo. Hakurithishwa lulu. Amerithishwa kazi, ya kutaja kwa jina ugonjwa ambao watu bado wanaona aibu kuutaja.

Kwa hiyo wewe kijana uliyeitwa mwezi uliopita kusimamia ubatizo wa mtoto wa rafiki yako, ukakubali haraka haraka kwa sababu suti mpya ilikuwa tayari, jiulize. Siku baba wa mtoto huyo akifukuzwa kazi, akashikwa na ulabu, akaugua ugonjwa ambao majirani wanaunong'ona, au jina lake likawa linatajwa vijiweni kwa ubaya, wewe utakuwa wapi? Bahasha uliyotoa siku ile imeshaliwa. Namba yako ya simu mtoto anayo?